Shaba Imerudi, Nyumba Je? Kazi na Makao katika Historia ya Katanga



Mgeni anayeingia Lubumbashi huonyeshwa kwanza vitu viwili: bomba refu la moshi la kiwanda cha kale cha kuyeyushia shaba, na kando yake mlima mweusi wa masalio ya mawe yaliyokwisha kupita motoni. Vitu hivyo vimekuwa alama ya mji wetu. Vinaeleza vizuri wingi wa shaba iliyotoka katika ardhi hii kwa zaidi ya miaka mia. Havielezi watu waliofanya kazi hiyo walilala wapi, wala walikwenda wapi kazi ilipokwisha.

Siku hizi tunasikia mara nyingi kwamba uchumi wa Katanga ya zamani umefufuka. Hesabu zinathibitisha: mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, kiasi ambacho hakikuwa kimepata kuonekana kabla ya hapo katika historia yake, na katika dunia nzima Chile peke yake ndiyo iliyo mbele yetu. Hakuna sababu ya kuikana habari njema hiyo. Lakini wazee wetu walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hesabu ya tani ni mlango. Katika tafakari hii tunataka kuufungua na kuuliza swali moja: kila mara uchumi wa Katanga ulipoanguka na kuinuka tena, je, mfanyakazi aliipata tena kazi yake pamoja na paa la kuwafunika watoto wake?

Tutapitia miporomoko mitatu: ule wa 1930, ule wa miaka ya 1990, na ule wa 2008. Kati yake tutasimama kidogo mbele ya nyumba za Katuba, kwa sababu zina somo ambalo tani hazina.

Nyumba iliyokuja pamoja na kazi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika mahali ambapo mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulikuwa unaanza kujengwa, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Nchi ya migodi ilikuwa na madini mengi na watu wachache. Wafanyakazi wakatafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, na baadaye Rwanda na Urundi. Walikuja peke yao bila wake zao, kwa mikataba mifupi, wakalala katika vibanda vilivyosongamana. Maradhi yaliwaua wengi, na waliopona walirudi kwao mara mkataba ulipokwisha. Kampuni ikabaki inatafuta watu wapya kila mwaka, kwa gharama kubwa.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 wakubwa wa kampuni walibadili njia. Waliona kwamba mtu aliyezoea kazi ana faida kuliko watatu wanaojifunza, na kwamba mtu aliye na mke na watoto haondoki upesi. Wakaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wafanyakazi kuleta wake zao. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa waliouongoza mpango huo. Kambi zikajengwa kwa mistari iliyonyooka, Lubumbashi, Kipushi, Likasi na baadaye Kolwezi. Mfanyakazi alipewa nyumba. Kila juma alipewa posho ya chakula kwa hesabu ya watu wa nyumbani mwake. Mkewe alijifungulia hospitali ya kampuni. Watoto walisoma katika shule ambazo kampuni iliziweka mikononi mwa wamisionari Wabenedikto wa Askofu Jean-Félix de Hemptinne. Ni katika kambi hizo pia ambapo watu wa makabila mengi walikutana na kuifanya lugha hii ya Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani na ya sala.

Tusisahau jambo moja, kwa maana historia yote inayofuata imening'inia hapo. Nyumba ile haikuwa ya mfanyakazi. Ilikuja pamoja na kazi, na kazi ilipokwisha iliondoka pamoja nayo. Hata haki ya kukaa mjini ilifungwa na kazi: asiye na mwajiri alihesabiwa kuwa mtu wa kurudishwa kijijini. Ufunguo wa nyumba na kadi ya kazi vilikuwa kitu kimoja, na mwenye kuvishika vyote alikuwa mwajiri.

Mporomoko wa kwanza, 1930

Soko la fedha la New York lilipoanguka mwezi wa Oktoba 1929, watu wa kambi za Katanga hawakujua habari hiyo. Waliijua kwa matunda yake. Huko Marekani ratili moja ya shaba, iliyouzwa kwa senti 18 hivi mwaka 1929, ilishuka chini ya senti 6 mwaka 1932. Union Minière, iliyotoa karibu tani 139,000 mwaka 1930, ilitoa karibu tani 54,000 tu mwaka 1932. Migodi ikafungwa, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wakaondolewa.

Je, walikwenda wapi? Waliotoka Rwanda na Urundi walirudishwa kwao. Wengine walipelekwa vijijini, hata ambao walikwisha kukaa mjini miaka kadhaa na kuzaa huko. Hata miongoni mwa Wazungu wengi walikosa kazi na kupanda meli kurudi Ulaya. Serikali ya kikoloni haikuhesabu watu wasio na kazi kwa namna tunavyowahesabu leo, kwa sababu iliwatoa machoni. Kijiji ndicho kilichobeba mzigo. Mashamba ya akina mama wa Lomami na Kasai yalilisha watu ambao kampuni haikutaka tena kuwalisha, na hakuna kitabu cha hesabu kilichoandika msaada huo.

Uchumi uliinuka baada ya miaka mitano hivi. Mwaka 1937 kampuni ilitoa karibu tani 150,000, kupita kiasi cha kabla ya mporomoko. Lakini kazi iliyorudi haikuwa ile iliyoondoka. Mashine zilichukua sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa kwa mikono, na waliorudishwa walichaguliwa: wenye ujuzi, wenye afya, wenye familia. Kwao kambi ilikuwa bora kuliko zamani: nyumba za matofali, zahanati za watoto wachanga, shule. Kwa hao tunaweza kusema bila kukosea kwamba kazi na makao vilirudi pamoja.

Vilirudi, lakini kwa masharti. Mfanyakazi alipewa karibu kila kitu isipokuwa neno lake mwenyewe. Hayo yalionekana wazi wakati wa vita. Bei za vitu zilipanda, kazi ikaongezwa, mshahara ukabaki mdogo. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 ya mwezi huo, askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Makumi ya watu walikufa, akiwamo Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba ya wenzake. Watu hao hawakuwa wenye njaa wasio na paa. Walikuwa na nyumba, posho na hospitali. Walichodai ni mshahara unaotosha na kusikilizwa kama watu wazima. Hivyo mporomoko wa kwanza unatuachia somo la kwanza: uchumi unaweza kurudisha kazi na nyumba, na bado usimrudishie mtu heshima yake.

Matofali ya Katuba

Nje ya kambi za kampuni, mji ulikuwa na mitaa mingine. Mwaka 1931, katikati ya shida, serikali ilitoa amri ya kuunda vituo vya wenyeji waliokaa mijini nje ya mamlaka ya machifu wa kimila, na mwaka uliofuata Élisabethville ikapata kituo cha namna hiyo. Humo waliishi makarani, mafundi, wachuuzi, watumishi wa nyumbani, na waliowahi kufanya kazi kambini wakafanikiwa kubaki mjini. Nyumba zao nyingi zilikuwa duni.

Baada ya vita mji ulijaa kwa haraka, na tatizo la makao likawa kubwa. Serikali ilijaribu njia mbili. Ya kwanza ni ya ofisi maalumu ya ujenzi, Office des Cités Africaines, iliyoanzishwa mwaka 1952. Ofisi hiyo ilijenga nyumba kwa wingi katika miji mikubwa ya Kongo. Mtaa wa Ruashi ulizaliwa kwa kazi yake.

Njia ya pili ilikuwa nyenyekevu zaidi, nayo ndiyo tunayopenda kuitazama. Fernand Grévisse, kamishna wa wilaya ya Élisabethville, aliona kwamba serikali haitaweza kumjengea kila mtu. Akaanzisha mfuko wa mikopo. Mtu mwenye kazi alipewa kiwanja, kisha akakopeshwa vifaa vya kujengea. Alijenga mwenyewe siku za mapumziko, au alitafuta fundi aliyemtaka, na deni alilirudisha kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake. Mtaa wa Katuba ulikua sana kwa njia hiyo. Nyumba hazikufanana zote. Huyu aliongeza chumba kwa ajili ya mama mkwe, yule aliweka baraza ya kufanyia biashara, mwingine alipanda miembe uani.

Tusiutie utaratibu huo sukari kuliko ulivyostahili. Ulikuwa bado mpango wa wakoloni, katika mji uliotenga weusi na weupe kwa barabara na kwa saa za kutembea usiku. Wasio na mshahara wa kudumu hawakufikiwa. Walakini ulikuwa na kitu ambacho kambi haikuwa nacho: mtu aliyekosa kazi siku ya Jumatatu hakutolewa nyumbani siku ya Jumanne. Nyumba na kazi vilikuwa vimetenganishwa. Thamani ya jambo hilo haikuonekana mara moja. Ilionekana miaka 40 baadaye.

Mporomoko wa pili: baba aliyeanguka

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na baada ya majina kadhaa kampuni mpya ikajulikana kama Gécamines. Jina la mwenye nyumba lilibadilika, utaratibu haukubadilika. Gécamines iliendelea kutoa nyumba, chakula, shule na hospitali. Iliajiri zaidi ya watu 30,000, na kila mmoja alikuwa na wake wa kuwalisha, wa damu na wa ukoo. Watu wa kambi waliitazama kama baba na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alipoandika historia ya familia hizo, alikiita kitabu chake kwa jina la watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo limekaa mahali pake.

Nyufa zilianza mapema. Bei ya shaba ilianguka mwaka 1975, na mwaka huohuo vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela iliyobeba madini kuelekea bahari ya Atlantiki. Fedha za kampuni zilitumiwa na serikali kwa mambo mengi yasiyohusu migodi, na mashine hazikubadilishwa zilipochakaa. Hata hivyo mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000, na wengi wakafikiri mti huo hautaanguka. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1991 askari na raia walipora miji. Mwaka 1993 kampuni ilitoa chini ya tani 50,000. Katika miaka saba, sehemu tisa kati ya kumi za shaba zilikuwa zimetoweka.

Wakati huohuo likaja jambo ambalo hatuna haki ya kulipita kimya. Tangu 1992, majirani waliokuwa na asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine. Wengi wao walikuwa wajukuu wa wale walioletwa na kampuni kujenga migodi. Waliondolewa kazini na katika nyumba zao kwa pamoja. Maelfu kwa maelfu walilala katika vituo vya treni wakingoja mabehewa, na wengi, hasa watoto, walikufa wakingoja. Kazi zilipopungua, watu walishawishiwa kuamini kwamba zitatosha kama jirani ataondoka. Jirani aliondoka, na kazi hazikurudi. Nyumba yake ilipata mkaaji mwingine, na mkaaji huyo naye baada ya muda mfupi akawa hana mshahara.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya kufa polepole. Mishahara ilichelewa mwezi, kisha miezi, kisha zaidi ya mwaka. Posho ilikoma. Mafundi wa umeme na madereva wa mitambo walikwenda kulima mahindi na kuchoma makaa. Mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliachishwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengine walikuwa hawajalipwa zaidi ya miaka miwili. Walipewa fedha kwa mkupuo mmoja, nao wengi walidai na bado wanadai kwamba haki yao yote haikulipwa.

Hapo ndipo nyumba zilipoanza kusema. Aliyekaa kambini alijikuta katika nyumba isiyo na mtu wa kuitengeneza, ambayo hakujua kama ni yake au si yake. Nyumba nyingi za kambi zilipita polepole mikononi mwa waliokaa ndani, lakini kwa miaka mingi hofu ilikuwa mlangoni. Aliyekuwa na kiwanja chake Katuba au Kenya naye alilala njaa, tusidanganyane. Lakini alipangisha chumba, alifungua kibanda cha chumvi na sabuni barazani, alilima bustani uani, alimpokea mwanawe aliyerudi na mke na watoto. Nyumba yake ilimfanyia kazi pale kazi ilipomkimbia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, na katika miaka ile methali hiyo ilikuwa habari ya kila siku.

Mporomoko wa tatu, na kuinuka kwa leo

Sheria mpya ya madini ilitolewa mwezi wa Julai 2002. Ilifungua mlango kwa makampuni ya nje, na kwa bahati China ilikuwa inatafuta shaba kwa wingi. Bei zikapanda. Viwanda vidogo vya kuyeyushia vikaota kandokando ya barabara za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na vijana kwa makumi ya maelfu wakaingia mashimoni kwa sururu na mifuko. Mwezi wa Julai 2008 tani moja ya shaba iliuzwa karibu dola 9,000.

Miezi mitano baadaye iliuzwa chini ya dola 3,000. Matatizo ya mabenki ya Marekani, ambayo kwa asili yake yalikuwa matatizo ya mikopo ya nyumba, yalikuwa yamefika kwetu. Tutafakari hilo: watu wa nchi nyingine walishindwa kulipia nyumba zao, na kijana wa Likasi akakosa chakula. Viwanda vingi vidogo vilifungwa, na baadhi ya wenye navyo waliondoka usiku bila kulipa mtu. Makumi ya maelfu ya watu, waajiriwa na wachimbaji wa mkono, walipoteza riziki kabla ya Noeli.

Safari hii uchumi uliinuka upesi. Mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009. Mwisho wa mwaka huo bei ilikuwa imepanda tena kupita dola 7,000. Mwaka 2014 nchi ilipita tani milioni moja, zaidi ya mara mbili ya kilele cha Gécamines. Kwa kipimo cha shaba, mgonjwa alipona kabisa.

Kwa kipimo cha nyumba, hapana. Makampuni ya leo hayakutaka kurithi ubaba wa Union Minière, na kwa sehemu tunawaelewa, kwa kuwa ubaba ule ulikuwa na kamba. Sheria ya kazi ya 2002 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao, au posho ya makao mahali pa nyumba. Karibu wote wamechagua posho. Lakini sehemu kubwa ya wanaofanya kazi migodini si waajiriwa wa mgodi wenyewe. Wameajiriwa na makampuni ya kati, kwa mikataba ya miezi, na posho yao, kama ipo, haifikii kodi ya vyumba viwili. Kolwezi, mji uliojengwa kwa watu wachache wa kambi, umefurika, na kodi zimepanda kufuata mishahara ya wachache wanaolipwa vizuri.

Kisa cha Kasulo kinaeleza hali yetu kuliko maneno mengi. Ni mtaa wa Kolwezi, wenye nyumba za kawaida. Mwaka 2014 mkazi mmoja aliyekuwa akichimba shimo kiwanjani kwake alikuta mawe yenye kobalti. Habari ikaenea. Watu wakachimba uani, kisha chini ya sakafu, kisha wakaunganisha mashimo chini ya nyumba za majirani. Nyumba zikapasuka, na wachimbaji wakafukiwa chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na wakaaji wake wakahamishwa kwa kulipwa fidia. Hapo nyumba haikupotea kwa sababu uchumi ulianguka. Ilipotea kwa sababu uchumi uliinuka, na maskini hakuwa na kitu kingine cha kuingiza sokoni isipokuwa ardhi iliyo chini ya kitanda chake.

Sisi makatekista tunaopita nyumba kwa nyumba tunayaona hayo kwa namna yetu. Familia huandikisha watoto kwa mafundisho, na kabla ya mwaka kwisha imehama, kwa kuwa mkataba wa baba umekwisha au mwenye nyumba ameongeza kodi. Mtoto huanza shule mara tatu katika mitaa mitatu. Jumuiya ambayo majirani wake hubadilika kila baada ya miezi sita haiwezi kuzika wafu wake wala kusaidia wagonjwa wake kama inavyopasa.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tunajifunza kwamba kupona kwa uchumi kuna hatua, na hatua hizo hazifuatani zenyewe. Madini hurudi kwanza, kwa kuwa bei huyaita. Kazi hurudi baadaye, tena ikiwa imebadilika. Makao hurudi mwisho, na yasipopangwa hayarudi.

Pili, hatupaswi kulilia kambi. Wazee wetu wanapoikumbuka posho na hospitali, wanakumbuka vitu vya kweli. Lakini nyumba ambayo ufunguo wake umeshikwa na mwajiri si kinga siku ya msiba, kwa sababu msiba wenyewe ndio unaochukua ufunguo. Wala hatupaswi kuisifu hali ya leo inayomwacha kila mtu apambane na kodi peke yake.

Tatu, njia ya katikati iliwahi kuwapo, hapahapa kwetu: kiwanja halali, mkopo mdogo wa vifaa, na kazi ya mikono ya mwenye nyumba. Haikuhitaji muujiza. Leo sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inayataka makampuni yatenge angalau sehemu 0.3 kwa mia ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji wanaozunguka migodi. Fedha hizo zipo, na katika kamati zinazozisimamia wenyeji wana viti. Mara nyingi tunasikia maombi ya majengo ya kuzinduliwa kwa utepe. Mara chache tunasikia ombi la mfuko wa mabati na saruji kwa familia zenye viwanja, au la fedha za kupima viwanja na kuwapa wenyewe hati.

Bei ya shaba itaanguka tena. Hatusemi hivyo kwa kutabiri mabaya. Ilianguka 1930, 1975 na 2008, na kitu kilichoanguka mara tatu mbele ya macho ya watu hakiwezi kuitwa ajali. Kinachobaki mikononi mwetu ni kuuliza itatukuta wapi. Wakati wa kujenga ni huu ambapo mshahara upo, hata kama ni mdogo, kwa maana siku ya mporomoko hakuna anayekopesha tofali.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Katika jumuiya yetu, ni familia ngapi zinazokaa katika nyumba ambayo zingeipoteza mwezi mmoja baada ya kazi kwisha? Je, tunawajua kwa majina?

2. Kikundi chetu cha akiba hukopesha kwa ajili ya nini? Je, tumewahi kukopesha mabati, matofali au gharama za hati ya kiwanja, kama tunavyokopesha kwa harusi na matanga?

3. Kazi zilipopungua zamani, jirani alifukuzwa. Zitakapopungua tena, tutasema nini siku ya kwanza, kabla maneno mabaya hayajapata nguvu?

Tunaomba kila jumuiya itumie mkutano mmoja kwa maswali haya, na kuandika majibu ya swali la kwanza katika daftari lake.